Kitabu cha Watoto Kirudi kwa Umbo Gani? Fundisho la Passional ya 1529

Mara nyingi walimu wa Shule ya Jumapili hutuuliza habari za kitabu cha hadithi za Biblia ambacho wao wenyewe walilelewa nacho, nacho sasa hakichapishwi tena. Katika usharika hubaki nakala moja, haina jalada, na watoto arobaini huigombania. Wote wakubali kwamba kitabu kirudi. Mabishano huanza linapoulizwa swali la pili: kirudi kwa umbo gani? Wengine hutaka kitabu kinene chenye jalada gumu, wengine vijitabu vyembamba, na wengine husema kiwekwe katika simu, yaishe. Kwa kawaida jambo hili huachiwa mtunza hazina. Sisi twaona ni jambo la kitheolojia, kwa sababu umbo la kitabu huamua ni nani atakayekishika mkononi.

Ili tupate kipimo, na tuihakiki kazi moja ya kale. Mwaka 1522 Martin Luther alitoa kitabu kidogo cha sala, kiitwacho Betbüchlein. Katika toleo la 1529 aliongeza sehemu iitwayo Passional, yenye picha takribani 50 zilizochongwa katika mbao, kila picha ikiambatana na maneno machache ya Maandiko. Jina hilo halikuwa jipya: vitabu vya Passional, vya habari za watakatifu na mateso ya Bwana, vilijulikana tangu kabla ya Matengenezo ya Kanisa. Luther aliuchukua mtindo wa zamani akaupa umbo jingine, na katika dibaji yake alieleza kwamba alifanya hivyo hasa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, ambao hushika habari za Mungu vema zaidi kwa picha na mifano.

Tukiipima kazi hiyo twaona sifa tatu. Kwanza, picha zilitiwa ndani ya kitabu kidogo cha sala, kitu cha matumizi ya nyumbani. Pili, picha si pambo. Ndiyo inayosimulia, na maneno huifuata. Luther hata alipendekeza habari hizo zichorwe katika vyumba vya nyumba, ili matendo ya Mungu yawe mbele ya macho daima; shauri ambalo msomaji wa Kumbukumbu la Torati sura ya 6 hatalishangaa. Tatu, ingawa jina lataja mateso, picha zaanzia uumbaji. Mtoto hafiki msalabani ghafula, bali huongozwa njia nzima.

Upungufu tunaouona hautokani na kitabu chenyewe, bali na sisi tunaokiiga. Wachoraji wa wakati ule waliwavika watu wa Biblia sura na mavazi ya kwao, nao walikuwa na haki, kwa maana waliwachorea watoto wao. Sisi tumechapa picha za Ulaya mwaka baada ya mwaka, tukadhani twahifadhi mapokeo. Ndugu zetu wa Kamerun ya Kaskazini walifanya vema zaidi katika miaka ya 1970, Wamafa walipoigiza matukio ya Injili na picha zikachorwa kutokana na maigizo hayo. Huko ndiko kumfuata Luther, si kumnakili.

Lakini je, maneno nayo yabadilishwe? Hapa twahitaji uangalifu. Mwaka uleule wa 1529, Katekisimo Ndogo ilitolewa kwanza katika karatasi za kubandikwa ukutani, ndipo ikawa kitabu. Umbo lilibadilika upesi. Hata hivyo, katika dibaji yake Luther aliwaonya wachungaji wachague namna moja ya maneno na kuishika mwaka hata mwaka, kwa kuwa vijana huchanganyikiwa wafundishwapo leo hivi na kesho vile. Kwa mtazamo wetu onyo hilo lahusu pia kitabu chetu. Bibi aliyekariri habari ya mwana mpotevu utotoni apaswa kuweza kuisema pamoja na mjukuu wake, sentensi kwa sentensi. Neno lililokufa kabisa na lirekebishwe. Lililo gumu tu na lifafanuliwe na mwalimu.

Sasa tuyarudie yale mapendekezo matatu. Kuhusu kitabu kinene twakiri kosa letu: katika kamati moja tuliyoketi, sisi wenyewe tulikiunga mkono kwa sababu kilipendeza. Nakala zake nyingi ziliishia katika makabati ya wachungaji, zikifungiwa zisichafuliwe na watoto. Simu yamfaa mwalimu anayejiandaa, na sauti iliyorekodiwa yamfaa asiyejua kusoma. Lakini simu ni ya baba, naye akitoka huondoka nayo.

Vimebaki vijitabu. Karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16 au 32, hivyo kijitabu cha kurasa hizo hakipotezi karatasi, na pini mbili zatosha kukifunga. Kitabu kimoja kikigawanywa katika vijitabu vinane, watoto wanane husoma kwa wakati mmoja. Pingamizi lililopo ni zito: mtoto aliyepata kijitabu cha gharika aweza asifike kamwe kwenye kaburi tupu. Atajua hukumu, asiijue Injili. Kwa hiyo twapendekeza kila kijitabu kichapwe, katika jalada la nyuma, picha ndogo za mfululizo wote, tangu uumbaji hata ufufuo, na ile ya kijitabu hicho izungushiwe mstari. Mtoto ataona alipo, na njia iendako. Picha hizohizo zichapwe kubwa, zibandikwe katika ukuta wa Shule ya Jumapili.

Nabii Habakuki aliamriwa kuandika njozi iwe wazi, hata apitaye mbio aweze kuisoma. Wasomaji wetu ni wadogo, nao hupita mbio kweli: miaka saba, minane, kisha wamekwenda. Tukichelewa kwa kutafuta jalada zuri, kitabu kitatoka wakati wao wamekwisha kukua pasipo kukishika.