Mgongo wa Ukurasa

Ukitaka kuujua ufundi wa Eadfrith, usianzie upande wenye rangi. Geuza. Nyuma ya baadhi ya kurasa zake zenye nakshi nzito kumebaki vitundu vya ncha ya bikari, vidogo kama vya sindano, pamoja na mistari ya kijivu iliyofifia, inayokatana miraba kwa miraba. Huko ndiko alikotaabika. Rangi zilikuja baadaye, kila kitu kikiwa kimeshaamuliwa.

Kitabu chenyewe ni Injili za Lindisfarne, ambacho leo kiko British Library, London. Lindisfarne ni kisiwa kidogo cha pwani ya Northumbria, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Maji yakipwa unakivukia kwa miguu, yakijaa kinakatika na bara. Watawa kutoka Iona, wakiongozwa na Aidan, walianzisha monasteri hapo mwaka 635. Eadfrith alikuwa askofu wa kisiwa hicho tangu 698 hadi alipofariki mwaka 721, na wengi wa wataalamu wanakubali kwamba maandishi makuu na michoro yote ni ya mkono mmoja, yaani wake. Kitabu alikifanya kwa ajili ya Mungu na kwa heshima ya Cuthbert, mtakatifu aliyezikwa hapo hapo. Tukumbuke kwamba askofu wa zama zile alikuwa na mapadri wa kuwasimamia, waumini wa kuwazungukia na wakubwa wa kuwapokea. Muda wa kukaa na kitabu hiki aliuiba wapi, sijui. Michelle Brown, aliyekuwa msimamizi wa miswada yenye nakshi katika maktaba hiyo, anakadiria kazi ilichukua miaka mitano hadi kumi.

Kwanza ngozi. Kitabu kina kurasa zaidi ya 500, kubwa kiasi cha sentimita 36 kwa 27, na kila mkunjo wa majani mawili ulikula karibu ngozi nzima ya ndama. Hesabu inafika ngozi 130 na ushei, bila kutaja zilizokataliwa. Ngozi ya kuandikia hailainishwi kama ya viatu. Hulowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, hukwanguliwa, kisha huwambwa kwenye fremu kama ngoma. Ikiwa bado mbichi na imekazwa, fundi huiparuza kwa kisu kilichopinda kama mwezi mchanga, anaikaza tena, anaiparuza tena. Mkono ukizidi nguvu, kisu kinatoboa, na katundu kadogo kwenye ngozi iliyokazwa hupanuka kakawa dirisha. Aliyezitayarisha ngozi hizi hakuna aliyeandika jina lake, nami naona ameonewa.

Halafu mistari. Ukurasa unaoanzisha kila Injili unatanguliwa na kile wataalamu wanachokiita ukurasa wa zulia: hauna neno hata moja, ni nakshi tupu kutoka pindo hadi pindo, na msalaba umejificha katikati. Ukiutazama kwa mbali ni kitambaa. Sogea, uone kamba zinazopita juu, chini, juu, chini, bila kukosea zamu, kama ukili unavyosukwa. Sogea zaidi, kamba zinageuka ndege. Shingo ya mmoja imepita chini ya mguu wa mwenzake, mdomo umeng'ata bawa la wa tatu, na kila mmoja, ukimfuata kwa kidole bila haraka, ana kichwa chake, mwili wake na miguu yake. Hakuna ndege aliyepunguziwa kiungo kwa sababu nafasi imebana.

Kitu cha namna hiyo hakichorwi kwa kubahatisha. Kabla ya Eadfrith, mchoraji wa miswada alijaribu ruwaza yake kwenye kibao cha nta au akaikwaruza kwenye ngozi kwa ncha kavu. Yeye alichora kwa ncha ya risasi, dada mkubwa wa penseli, miaka kama 300 kabla wengine hawajaizoea. Na alichora nyuma. Sababu yake hunifurahisha kila nikiifikiria. Mchoro ukiwa upande wa mbele, rangi ya kwanza tu inaumeza, na baada ya hapo mchoraji anatembea gizani. Ukiwa nyuma, na mwanga ukapenya kwenye ngozi, ramani nzima inabaki ikionekana hadi mpako wa mwisho. Inaelekea alikuwa na namna ya kuiangaza ngozi kutoka chini. Huyu ni mtu aliyebuni vifaa vyake mwenyewe kisiwani, upepo wa bahari ukimgonga dirishani.

Rangi zake zina hadithi fupi. Nyekundu ni ya risasi iliyounguzwa, kijani ni kutu ya shaba, njano ni ya madini ya zarniki, ambayo ni sumu. Bluu yake iliwahi kusifiwa kuwa jiwe la thamani kutoka milima ya Afghanistan. Vipimo vya mwanga wa leza vilivyotangazwa mwaka 2004 vikaonyesha ni nili, rangi itokayo kwenye majani ya mmea. Kwangu mimi sifa imeongezeka. Dhahabu imo kiduchu tu. Mng'ao wote ule ameutoa kwenye kutu na majani.

Na nukta. Katika ukurasa wa kwanza wa Injili ya Luka, herufi kubwa zimezungushiwa nukta nyekundu moja moja, nyingine zimejaza nafasi kati ya herufi, na jumla yake inapita 10,000. Mtu anaweza kudhani ni kazi ya mkono uliosinzia. Lakini kila nukta ni ncha iliyochovywa, ikagusa, ikainuliwa. Ukikawia kidogo unapata doa, ukiharakisha nukta inapata mkia.

Mwaka 793 Waviking walikivamia kisiwa. Mwaka 875 watawa walikihama wakiwa na jeneza la Cuthbert, na mwaka 883 wakatua Chester-le-Street. Huko, katikati ya karne ya 10, padri Aldred alichukua kalamu akaandika ndani ya kitabu hiki tafsiri ya Kiingereza cha kale baina ya mistari ya Kilatini, neno juu ya neno. Ndiyo tafsiri kongwe kabisa ya Injili kwa Kiingereza iliyobaki hadi leo. Mwandiko wake ni mdogo, wa haraka kidogo, na nikiri kwamba mwanzoni ulinikera, kama mtu aliyeandika hesabu za duka kwenye kanga mpya. Lakini ni Aldred aliyetuachia majina: Eadfrith aliyeandika, Ethelwald aliyejalidi, Billfrith mkaa-pweke aliyepamba jalada kwa dhahabu na vito. Jalada hilo limepotea. La sasa ni la karne ya 19.

Kuna jambo Aldred hakulitaja. Katika kitabu hiki kizima, kilichopangwa kwa bikari hadi ukucha wa ndege, kuna vipande vidogo vya nakshi ambavyo havikumalizwa. Mstari upo, rangi haipo. Na vichwa vya habari kwa wino mwekundu vimeandikwa na mkono mwingine.