Mgeni wa Nango-an: Shodoshima na Takrima ya Fasihi

Mwezi wa Agosti 1925 mshairi Ozaki Hosai alishuka kwenye kisiwa cha Shodoshima, katika Bahari ya Ndani ya Seto nchini Japani. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikwisha kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akapata cheo katika kampuni ya bima, akakipoteza kwa ajili ya ulevi, akatengana na mkewe, akafagia nyua za mahekalu huku na huku, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumshinda. Alipewa makazi katika kibanda kiitwacho Nango-an, kilicho chini ya hekalu la Saiko-ji, mjini Tonosho. Aliishi humo miezi minane tu, na katika miezi hiyo akatunga yale yaliyomweka miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha yake.

Leo kibanda hicho ni nyumba ya kumbukumbu. Kilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1994, na mgeni hulipa kiingilio kidogo ili aone barua na maandishi ya mkono ya mtu ambaye hakuwa na kitu. Hapa ndipo linapozuka swali ambalo vijitabu vya watalii havilijibu. Je, kisiwa humkaribishaje mgeni kwa jina la mshairi bila kumpoteza mshairi mwenyewe?

Ili swali hili lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke Nango-an ilikuwa ikiishi kwa nini. Shodoshima ina mzunguko wa hija wa vituo 88, ulioigwa kutoka ule mkubwa wa kisiwa jirani cha Shikoku, ambao wote husimama juu ya jina la mtawa Kukai (774–835). Hija ya Shikoku ni mwendo wa kilomita elfu moja na zaidi, lakini ya Shodoshima ni kama 150, na mtu mwenye miguu mizuri huimaliza kwa juma moja hivi. Baadhi ya vituo ni mahekalu makubwa yenye makasisi, na vingine ni vibanda tu vya kandokando ya njia. Vingine vimechimbiwa katika mapango ya miamba, moshi wa ubani umeyapaka dari masizi, na huko Kasagataki mwenye kuhiji hupanda jabali kwa kushika mnyororo wa chuma. Mahujaji huja kwa wingi majira ya kuchipua. Huwasha mshumaa, huacha sarafu, huendelea na safari. Mlinzi wa kibanda kama Nango-an alitegemea sarafu hizo za miezi michache zimlishe mwaka mzima.

Kwa hiyo Hosai alikuwa mgeni aliyeishi kwa wageni. Methali yetu ya mgeni kuja ili mwenyeji apone haijapata mfano ulio dhahiri kuliko huu, wala ulio mchungu kuliko huu, maana mwenyeji mwenyewe alikuwa mgonjwa mahututi na wageni walikuwa bado miezi kadhaa hawajafika. Kasisi wa Saiko-ji, wapenzi wachache wa haiku waliokuwa kisiwani, na jirani mmoja wa kike ndio waliomshikilia. Yeye aliweka daftari aliloliita kumbukumbu ya chakula cha kibandani, akiandika siku kwa siku alichokula. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa mhakiki kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anayehesabu punje anajifunza pia kuhesabu silabi, na kutupa zisizohitajika.

Na Hosai alizitupa nyingi. Haiku ya kawaida ina mizani 17, iliyogawanywa tano, saba na tano, pamoja na neno la kuonyesha majira. Msomaji wa pwani aliyezoea mshororo wa mizani 16 ataona kwamba haiku nzima ni kama mshororo wetu mmoja na kisalio. Mwalimu wake Hosai, Ogiwara Seisensui, aliyeanzisha jarida la Soun mwaka 1911, aliwafundisha wafuasi wake kuiacha hesabu hiyo na hata neno la majira. Wahafidhina walighadhibika, kama walivyoghadhibika wenzao wa Afrika Mashariki mwaka 1974, Kezilahabi alipotoa *Kichomi*. Lakini shairi la Hosai linalojulikana kuliko yote, lile la kikohozi na upweke, lina mizani tisa tu, na hakuna mhafidhina aliyeweza kuonyesha mizani minane iliyopungua ingemfaa nani. Huu si utetezi wa kila ushairi huru, kwani mwingi ni uvivu uliovishwa kanzu. Hosai aliukata mstari kwa sababu pumzi zilikuwa zimekatika. Diwani yake, *Taiku*, ilitoka mwaka 1926 baada ya kufa kwake, chini ya uhariri wa Seisensui.

Nyumba ya kumbukumbu, basi, imefanya vyema katika jambo moja kubwa: imebaki ndogo. Haina mkahawa wala duka la maana. Mgeni huifikia kwa kupita vichochoro vya Tonosho vinavyopinda hata mtu asijue atokako, na ambavyo inasemekana vilijengwa hivyo kuzuia upepo wa bahari na maharamia. Mzaliwa wa Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa. Anapotoka hukuta makaburi, la mshairi likiwa miongoni mwayo. Kosa la nyumba hiyo, kama ni kosa, ni kwamba haimwambii mgeni wazi habari ya mishumaa na sarafu. Humwonyesha mtawa mpweke, naye hakuwa mtawa wala hakuwa mpweke kabisa.

Upande wa pili wa kisiwa mambo ni mengine. Tsuboi Sakae, mwandishi mzaliwa wa Shodoshima, alichapisha mwaka 1952 riwaya ya *Macho Ishirini na Manne*, juu ya mwalimu kijana na wanafunzi wake kumi na wawili, kuanzia mwaka 1928 mpaka baada ya vita. Riwaya yenyewe haikitaji kisiwa kwa jina. Filamu ya Kinoshita Keisuke ya mwaka 1954 ndiyo iliyokiweka wazi mbele ya dunia. Filamu ikatengenezwa tena mwaka 1987, na mandhari iliyojengwa kwa ajili yake ikaachwa ikawa kijiji cha watalii, karibu na shule ya kweli ya mbao iliyofungwa mwaka 1971. Katika kijiji hicho mgeni huweza kuagiza chakula cha shule cha zamani: mkate wa kukaanga wenye sukari na mchuzi wa bizari, katika vyombo vya alumini. Ni kitamu, na watu wazima hukila huku macho yakilengalenga.

Lakini mkate huo ni wa miaka ya baada ya vita. Haumo kitabuni. Kitabuni mna njaa, na mtoto wa mwalimu mwenyewe anakufa kwa kula tunda la kaki ambalo halijaiva, kwa sababu hakuna kingine. Mna wavulana wanaopelekwa vitani na mwalimu anayechukiwa kwa kusema heri waishi. Kumpa mgeni mkate wa sukari kwa jina la kitabu hiki ni kukigeuza maana, tena kwa tabasamu. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hivyo ndivyo vitabu vingi huuawa.

Mwenye kutaka kukijua kisiwa kwa ulimi ana njia nyingine. Kwa takriban miaka 400 wenyeji wametengeneza sosi ya soya katika mapipa makubwa ya mbao, na maghala yake hunuka uchachu mtamu hata barabarani. Tambi nyembamba za somen huvutwa kwa mafuta ya ufuta, hutundikwa vijitini, na kuanikwa juani. Zeituni zilipandwa kwa majaribio ya serikali mwaka 1908 katika mikoa mitatu, zikashika Shodoshima peke yake. Vyakula hivi vina historia yao wenyewe na havihitaji kuazima riwaya. Hata mzaha wa bustani ya zeituni, ambako wageni huazimwa mifagio waruke nayo mbele ya kinu cheupe cha Kigiriki wapigwe picha, hauna madhara, kwani haudai kuwa kitu kingine. Vivyo hivyo lile fungu la mchanga ambalo maji yakipwa huungana na visiwa vidogo, na wapenzi hulivuka wakishikana mikono. Ratiba ya maji kupwa na kujaa hubandikwa ili asiwepo wa kuachwa upande wa pili.

Kisiwa kinahitaji wageni hawa, na mhakiki asiwabeze. Miaka michache baada ya vita Shodoshima ilikuwa na watu zaidi ya 60,000. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 30,000. Hakina daraja. Kila anayeshuka kwenye feri ya kutoka Takamatsu, baada ya mwendo wa saa moja, ni sarafu iliyoachwa kando ya mshumaa.

Hosai aliwangoja watu hao majira yote ya baridi, akiandika alichokula na alichokikosa. Alikufa tarehe 7 Aprili 1926. Msimu wa mahujaji ulikuwa umeanza.