Namna ya Kuipima Picha Kabla ya Kumkabidhi Mteja

Mpiga picha wa Kambu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, amezungukwa na kila kitu kinachoumbua picha iliyohaririwa vibaya. Kuna udongo mwekundu, mbuyu usio na majani mbele ya anga tupu, vilima vya Chyulu vinavyofifia kwa mbali, kiondo cha mkonge chenye nyuzi nyembamba, na nyuso nyeusi chini ya jua la saa saba. Faili ikivipita vyote hivyo salama, itapita popote.

Kosa lililoenea ni kuihukumu picha ingali ndani ya programu ya kuhariri. Hapo unaitazama picha ambayo haijabanwa wala kupunguzwa vipimo, ilhali mteja atapokea faili iliyofanyiwa yote mawili. Ukimaliza kazi, ifunge programu, fungua faili uliyohifadhi, ndipo utoe hukumu.

Kioo kwanza

Simu nyingi hutoka dukani rangi zikiwa zimekolezwa. Ingia kwenye mipangilio ya skrini uchague rangi za asili, kisha zima taa ya usiku, ile inayotia kioo umanjano. Usihariri ukiwa juani: kioo kitaonekana hafifu, nawe utaipandisha picha mwanga kupita kiasi. Ukihariri gizani kioo kikiwa kimewaka sana, picha itatoka studio ya kuchapisha ikiwa nzito na yenye giza. Kaa kivulini, mahali ambapo mwanga haubadiliki, na utazame pia histogramu, ile grafu ya mgawanyo wa mwanga katika picha, kwa kuwa yenyewe haiathiriwi na mwanga wa kioo.

Udongo

Wekundu wa udongo wa huku unatokana na oksaidi ya chuma. Ukiongeza ukolezaji wa rangi, chaneli nyekundu ndiyo hujaa kwanza. Ikishafika 255, ambacho ndicho kikomo chake, alama za matairi na mawe madogo hupotea, na barabara ya vumbi hugeuka bapa kama iliyopakwa rangi. Kwa hiyo soma histogramu ya kila chaneli peke yake, maana ile ya jumla inaweza kukuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Jambo la pili hapa ni mfumo wa rangi. sRGB, uliobuniwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996, ndio unaotegemewa na tovuti na studio nyingi za kuchapisha. Adobe RGB una eneo pana zaidi la rangi, lakini faili yake ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu wa rangi, udongo wa Kambu hupauka. Mteja wa kawaida mpe sRGB, na wasifu wake uwe ndani ya faili.

Anga na mbuyu

Anga safi hufichua uhaba wa viwango vya mwanga. JPEG ya kawaida ina viwango 256 kwa kila chaneli, ilhali faili ghafi (RAW) ya biti 14 ina 16,384. Ukiilazimisha JPEG kuwa na anga ya buluu iliyokolea, utaona mistari mipana ikishuka kama ngazi kuelekea vilimani. Mabadiliko makubwa yafanywe kwenye faili ghafi.

Kisha tazama vitawi vya mbuyu. JPEG, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuubana kila mraba peke yake. Chembechembe chafu zikizunguka vitawi, umeibana faili mno. Ukiona ukingo mweupe ulionyooka kando ya tawi, umezidisha ukali. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na kupandisha ubora wa faili hakutibu la pili.

Kiondo na uso

Nyuzi za mkonge hupotea kelele za picha zikiondolewa kwa nguvu. Picha ikipunguzwa vibaya, mawimbi yasiyokuwapo hujitokeza juu ya msuko. Ukiweza kuufuata uzi mmoja mmoja, uko salama.

Uso unadai uangalifu kuliko vyote. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi zikaishia kuwa vivuli visivyo na maelezo. Siku hizi vichujio vya simu huleta dhara jingine: huilainisha ngozi mpaka ikafanana na plastiki, na kuipausha bila mwenyewe kuomba. Picha njema ya mtu mweusi huonyesha mng'ao kwenye paji la uso na vinyweleo shavuni, na weusi wake hubaki vilevile ulivyo. Kumbadilisha mtu rangi ni kumkosea heshima.

Namba za ubora

Namba hazilingani kati ya programu na programu. Photoshop hupima JPEG kwa 0 hadi 12, Lightroom kwa 0 hadi 100. Jaribu hivi: kutoka faili moja ya asili, toa nakala za ubora wa 60, 80 na 95. Zifungue kwa asilimia 100, uzibadilishe moja baada ya nyingine mahali palepale. Jicho hunasa badiliko upesi kuliko likilinganisha picha mbili zilizowekwa kando kwa kando. Chagua nakala ndogo kabisa usiyoweza kuitofautisha na ile ya asili. Usiihariri tena JPEG uliyokwisha kuitoa, kwani kila ukiihifadhi upya inapungua ubora.

Kwa kuchapisha, kadiria pikseli 300 kwa inchi: picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji 1200 kwa 1800, na ukurasa wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508. Mteja aliye ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, akitaka kupokea kwa WhatsApp, mtumie kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida itapunguzwa vipimo na kubanwa upya.

Hukumu ya mwisho itoe kwa ukubwa na umbali ambao picha itatazamwa, kwani dosari ionekanayo kwa asilimia 300 pekee haimdhuru mtu. Tunza faili ya asili, toa nakala mpya kwa kila matumizi, na usikabidhi picha ambayo hujaifungua mwenyewe vilevile mteja atakavyoifungua.