Kamusi Elezo ya Wote: Je, Yaaminika? Uhakiki kutoka Kolwezi

Katika kazi za wanafunzi wetu, kamusi elezo ya mtandaoni imekwisha kuchukua nafasi ya maktaba. Makala haya yanakusudia kuhakiki chanzo hicho kwa kutumia mfano wa mji wa Kolwezi. Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili mwaka 2003. Yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha. Kwa sababu hiyo walimu wengine huikataa yote, na wanafunzi wengi huikubali yote. Pande zote mbili zinakwepa kazi ileile, yaani uhakiki.

Watetezi wake hutaja ulinganisho uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2005. Katika makala 42 ya kisayansi, Wikipedia ilionekana kuwa na makosa takriban manne kwa kila makala, na Britannica matatu. Britannica iliupinga ulinganisho huo; lakini hata tukiukubali, hautuhusu moja kwa moja. Makala yaliyopimwa yalikuwa ya Kiingereza, nayo husomwa na watu wengi mno. Usalama wake hutokana na wingi wa macho, wala si na mlango kuwa wazi tu. Penye macho machache, kosa hujikalia. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala katika toleo la Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo vizuri. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Lugha yenye wahariri wachache haina budi kuuzingatia mkasa huo.

Tuje sasa Kolwezi. Jambo la kwanza ni takwimu. Sensa ya mwisho kukamilika nchini Kongo ni ile ya 1984. Kwa hiyo idadi yoyote ya wakazi wa Kolwezi inayotolewa leo ni makadirio, hata ikiandikwa mpaka tarakimu ya mwisho. Hapa kasoro si ya kamusi elezo peke yake, kwani vitabu vya chapa navyo hunakili makadirio hayohayo. Hata hivyo, msomaji akikuta idadi moja katika kurasa tano hudhani amepata mashahidi watano, kumbe shahidi ni mmoja aliyenakiliwa mara tano.

Pili, majina. Katanga iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Mwaka 2015 iligawanywa katika majimbo manne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Sentensi isemayo kwamba Kolwezi imo katika jimbo la Katanga ilikuwa kweli mwaka 2010, na leo si kweli. Kitabu huonyesha mwaka wa kuchapwa. Ukurasa wa mtandaoni huonekana daima kama umeandikwa leo asubuhi. Lakini ukurasa huo una historia ya mabadiliko yake, tarehe kwa tarehe. Mwanaisimu aliyefundishwa kulinganisha miswada ana ujuzi wa kuisoma. Ni wachache mno wanaoifungua.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ushahidi. Kamusi elezo hudai kila dai litegemee maandishi yaliyochapishwa. Kanuni hiyo ni njema, ila ina gharama. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi; tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Waliochapisha habari za siku zile ni hasa askari na waandishi wa Ulaya. Familia za wafanyakazi wa Gécamines zilizojificha majumbani zinasimulia, hazikuchapisha. Hivyo makala yaweza kuwa sahihi katika kila tarehe, na bado yakauonyesha mji kama unavyoonekana kutoka angani.

Kwamba jambo hili lina dawa, tunao mfano karibu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya Elisabethville jinsi watumishi wa majumbani walivyoijua. Maandishi hayo yalitolewa upya mwaka 1990 na Johannes Fabian, pamoja na tafsiri na maelezo. Tangu hapo mwanahistoria yeyote aweza kuyanukuu, kuyapinga au kuyasahihisha. Kilichokuwa kumbukumbu kimekuwa chanzo.

Kwa hiyo mwanafunzi asiitaje kamusi elezo kama shahidi. Aitumie kama mlango: afuate marejeo yake, asome historia ya ukurasa, alinganishe na toleo la Kifaransa. Nasi walimu tusiishie kukataza. Tukusanye masimulizi ya wazee wa Kolwezi, tuyachape katika majarida kama hili, kwa jina la lugha waliyosimulia. Wasimulizi wa 1978 wanapungua kila mwaka, na wakishakwisha hakuna mhariri, awe wa kitabu au wa mtandao, atakayeweza kulijaza pengo hilo.