Mikopo ya Simu: Riba kwa Jina la Ada



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limekwisha kuingia katika nyumba zetu, likakaa, likazoewa, hata imekuwa anayelisema huonekana kuwa ni mtu wa zamani asiyejua dunia inakwenda wapi. Jambo lenyewe ni mkopo wa simu. Mtu yuko kitandani mwake usiku, mtoto ana homa au ada ya skuli imefika, abonyeza simu yake mara tatu au nne, na kabla hajaamka kukaa fedha zimeingia. Hakumwendea mtu, hakuona haya mbele ya mtu, hakuweka rehani. Basi yeye husema: Alhamdulillahi, hii ni neema.

Je, ni neema kweli? Hilo ndilo swali letu. Wala tusifahamike vibaya. Sisi hatuitukani simu, wala hatusemi turudi kwenye kutuma fedha kwa dereva wa basi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007 ilileta manufaa ambayo hayakanushiki. Mwana aliye Nairobi alimfikia mamake aliye Lamu kwa dakika moja, na fedha ikafika kamili pasi na kupita mikononi mwa watu. Kutuma fedha ni jambo moja. Kukopesha fedha kwa ziada ni jambo jengine kabisa, na kosa letu kubwa ni kuwa tumeyapokea yote mawili kwa sifa ya lile la kwanza.

Tuanze na jina. Mwezi wa Novemba 2012 ilianzishwa M-Shwari, ambayo ni shirika la benki na kampuni ya simu. Mkopo wake ulikuwa wa siku 30, na juu yake mkopaji alilipa asilimia 7.5. Ziada hiyo haikuitwa riba. Iliitwa ada ya kuwezesha mkopo. Mtu husikia saba na nusu akaona ni kidogo, kwa sababu masikio yetu yamezoea kusikia kiwango cha benki ambacho huhisabiwa kwa mwaka. Lakini hii ni ya mwezi! Anayekopa shilingi 1,000 atoa shilingi 75 kila mwezi, na akikopa hivyo mwaka mzima, kama wafanyavyo wengi, atakuwa ametoa shilingi 900 kwa ajili ya shilingi 1,000 ile ile. Hiyo ni asilimia 90.

Na jina hili halikuwa la kupamba tu. Mwezi wa Septemba 2016 Kenya iliweka sheria ya kuzifunga benki zisitoze riba zaidi ya nukta nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sheria ile ilidumu mpaka Novemba 2019 ilipoondolewa. Katika miaka yote mitatu, tajiri aliyekopa mamilioni kwa kujenga ghorofa alilindwa na sheria, na muuza mahamri aliyekopa shilingi 500 ya kununulia unga hakulindwa, kwa hoja kuwa alichotozwa yeye si riba bali ni ada. Tazama jinsi neno moja linavyoweza kumtoa maskini nje ya ulinzi wa sheria.

Sisi Waislamu tungelikuwa wa mwanzo kuitambua hila hii, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutuonya juu ya watu watakaokunywa ulevi huku wameupa jina jengine. Na wazee wetu wa pwani na visiwani waliionja. Katika Unguja na Pemba ilikuwako bei ya khiyari: mwenye shamba la karafuu aliyetaka fedha hujidai kuliuza shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, kisha hubaki humo humo akilipa kodi. Katika karatasi ilikuwa ni bei na kodi. Kwa hakika ilikuwa ni mkopo na riba, na waliotumia karatasi hiyo walijua wote. Madeni yaliwakaba wenye mashamba hata ilipofika 1934 serikali ya wakati ule ikalazimika kuingia kati kwa sheria. Karatasi ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu waliosoma, tena wengine waliosali safu ya mbele. Jina halikuwaokoa.

Baadaye, mwezi wa Januari 2019, ikaja Fuliza. Hii humwezesha mtu kutuma au kulipa fedha asiyokuwa nayo. Ilipoanza, aliyechukua shilingi 1,000 alitozwa asilimia moja, yaani shilingi 10, kisha shilingi 10 kila siku mpaka alipe. Akikaa siku 30, amelipa shilingi 310 juu ya elfu moja yake. Mwishoni mwa Septemba 2022 ilitangazwa kuwa malipo ya mikopo midogo yamepunguzwa kwa nusu na siku tatu za mwanzo hazitozwi, na mwenye haki apewe haki yake: huo ni unafuu. Lakini unafuu wa riba haubadilishi hukumu ya riba. Tena lipo jambo ambalo halikubadilika. Fedha yoyote iingiayo katika simu hiyo hukatwa deni kwanza. Dada amemtumia nduguye fedha ya dawa ya mama, ndugu ana deni, basi fedha ya dawa huliwa na deni kabla haijaonekana. Mashine haiulizi fedha hii ni ya nani wala imetumwa kwa jambo gani. Mkopeshaji mwanadamu, hata awe mkali vipi, huweza kuambiwa, "Ngoja, hii ni amana ya mtu."

Sasa tuangalie mkataba. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Imetufundisha kuwa deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na wawepo mashahidi. Na humo mna jambo moja ambalo wengi wetu hulipita haraka: anayeamrishwa kuyasema maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa. Ni mdaiwa ndiye asemaye, kwa ulimi wake, nini amechukua na nini atarudisha, na ikiwa hawezi basi msimamizi wake amsemee. Hekima yake ni dhahiri. Mnyonge wa mkataba ni mkopaji, kwa hivyo asifungwe kwa maneno asiyoyafahamu.

Linganisha na haya ya simu. Maneno yameandikwa na mkopeshaji na mawakili wake, mara nyingi kwa Kiingereza cha mahakama, kurasa kwa kurasa katika kioo kisichozidi kiganja. Chini yake pana kitufe kimoja tu cha kukubali. Mdaiwa hasemi neno. Hakuna mwandishi, hakuna shahidi. Je, huku ndiko kuridhiana? Sheria ya nchi yaweza kusema ndiyo. Lakini mwenye kuipima kwa mizani ya aya ile ataona kuwa mambo yamepinduliwa chini juu.

Na katika kurasa zile zisizosomwa ndimo ulimopotea ule utulivu wa kutoona haya mbele ya mtu. Makampuni ya programu za mikopo yalipozidi, baadhi yao makubwa yakiwa na makao California, huko Marekani, mtu alitakiwa kwanza aifungue simu yake yote: majina na nambari za watu wake, ujumbe wake, miamala yake. Alikubali. Alipochelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu wakwe, majirani, mwajiri na hata mwalimu wa mtoto, wakawaambia kuwa fulani ni mdeni mwongo. Watu hao hawakukopa, hawakudhamini, wala hawakuulizwa kama nambari zao ziuzwe. Dini yetu imeufanya kuwa ni wajibu kumsitiri Mwislamu, na imelinganisha kumsengenya nduguyo na kula nyama yake. Hapa aibu imefanywa kuwa ndiyo rehani. Mwanzo mtu hufurahi kuwa hakuweka bangili wala hati ya nyumba. Kumbe ameweka heshima yake, na amana ya watu wake wote!

Tuseme nini juu ya serikali? Tuseme kweli. Haikulala moja kwa moja. Ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Mwezi wa Disemba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji hawa, na kanuni za Machi 2022 zikakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5. Jirani zetu Tanzania nao, mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu yao ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Haya ni mema na wenye kuyafanya washukuriwe.

Lakini tuulize: sheria hizi zimesahihisha nini? Zimesahihisha adabu ya kudai. Kanuni zile hazikutaja asilimia ambayo ada isiipite. Mkopeshaji amefundishwa kuzungumza kwa upole, na bei ameachiwa mwenyewe. Tena Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya ada za wakopeshaji hawa. Basi kila maskini anapotozwa, na hazina ya serikali yapata fungu. Hakimu mwenye fungu katika mali inayogombewa, hukumu yake itakuwaje?

Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu yenyewe ilitoa hisabu ya kutisha. Ilipotangaza mpango wa kuwasamehe nusu ya deni waliokwama na mikopo midogo ya simu, ilisema kuwa wadaiwa hao walizidi milioni 4.2, na madeni yao yote ni kama shilingi bilioni 30. Gawa mwenyewe. Ni kama shilingi elfu saba kwa kila mtu! Kwa shilingi elfu saba watu milioni nne walikuwa wamekwisha kuandikwa wadaiwa wabaya katika daftari lile ambalo kila mtu hulijua kwa jina la CRB. Mwezi huo huo, tarehe 30, serikali ilianzisha Hazina ya Hustler kwa asilimia 8 kwa mwaka. Kwetu sisi hiyo nayo ni ziada juu ya mkopo, na ukubwa wa kiwango hauifanyi halali wala haramu. Lakini imetoa ushahidi mmoja: ule uliokuwa ukisemwa kuwa mkopo mdogo hauwezi kutolewa ila kwa bei ya kuunguza haukuwa ukweli wote.

Sasa tujiangalie na sisi wenyewe, maana kulaumu ni kwepesi. Ndugu yetu ameukimbilia mkopo wa simu usiku kwa sababu gani? Kwa sababu mchana alikwenda kwetu. Alikwenda kwa mwenye duka, akakuta daftari la kukopesha limefungwa. Alikwenda kwa jamaa, akapewa waadhi badala ya shilingi mia tano. Katika mafungu manane ya zaka, fungu moja ni la wenye madeni. Ni misikiti mingapi ya mitaa yetu ambayo ina sanduku kwa ajili ya fungu hilo? Tunachanga mamilioni kwa mazulia na vigae, na mwenye kusali juu ya mazulia hayo simu yake yalia mfukoni, anadaiwa na mashine.

Na mkopaji naye asijifanye kuwa ni mwenye kudhulumiwa daima. Wako waliokopa kwa ajili ya kucheza kamari ya mipira katika simu hiyo hiyo, na wako waliokopa kwa ajili ya sare za harusi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka alipopatikana wa kulichukua deni lile. Kwa hivyo anayekopa akiwa hana nia ya kulipa, akafurahi kuwa amemkomesha mla riba, naye amekula mali ya watu.

Basi nini kifanywe? Kwanza, kabla ya kubonyeza, andika kwenye karatasi: nachukua ngapi, nitarudisha ngapi, lini. Ukishindwa kuandika, hujafahamu, na usilolifahamu usilikubali. Pili, programu inayotaka majina ya watu waliomo katika simu yako usiipe, kwani majina yale si mali yako. Tatu, hata mkopo unaotangazwa kuwa ni wa Kiislamu uulize umehisabiwa vipi. Ikiwa ziada yapanda kila siku unayochelewa, bismillahi iliyoandikwa juu yake haikuubadilisha kitu. Nne, na hili ndilo kubwa, kila msikiti wa mtaa uanze hazina ndogo ya qardhan hasana. Isingoje bilioni. Ikiwa deni lililowaangusha watu milioni nne ni shilingi elfu saba saba, basi watu ishirini wenye kutoa mia tano mia tano kwa mwezi waweza kumtoa mtu mmoja kila mwezi, na fedha ikirudi imtoe mwengine. Mwandishi na mashahidi wapo pale pale msikitini, na mdaiwa atasema mwenyewe, kwa lugha yake, kama alivyofunzwa.

Na anayeshindwa kulipa kwa dhiki ya kweli apewe muda mpaka apate, kama ilivyo katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo. Muda bila ya ziada ndiyo huruma ambayo mashine haikufundishwa. Sisi tulifundishwa zamani.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, awafariji wenye madeni katika sisi, na ailainishe mikono ya wenye uwezo. Amin.