Safari na Mzigo: Uhakiki wa Nathari ya Wasafiri

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika lugha za ulimwengu, hapana lililokwenda mbali kuliko neno safari. Katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani neno hili limepata maana iliyo finyu kuliko ile liliyotoka nayo kwao: kwenda Afrika kuwinda, au kutazama na kupiga picha wanyama wa porini. Katika Kiswahili chenyewe, mgonjwa apelekwaye hospitali ya mbali yuko safarini, na mchuuzi aendaye kununua bidhaa yuko safarini. Tena mtu husema "safari hii" akiwa na maana ya "mara hii", bila ya kuondoka alipokaa. Mwendo wa neno hili kutoka msafara wa wapagazi hadi gari la watalii ni jambo la historia ya lugha. Hata hivyo, ni suala la uhakiki wa fasihi pia, kwani vitabu vimechangia sana kulibadilisha.

Richard Burton alisafiri pamoja na John Speke kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, akatoa kitabu chake mwaka 1860. Ingawa kitabu hicho kimejaa dharau kwa wenyeji, wapagazi wamo ndani yake kila mahali: wanadai posho, wanagoma, wanatoroka usiku. Hapakuwa na njia ya kuwaficha, maana bila ya mabega yao mzungu asingefika popote. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na kuanza safari ya kuwinda ambayo habari zake alizitoa katika kitabu mwaka 1910. Mwaka 1935 Ernest Hemingway naye alichapisha masimulizi ya uwindaji wake katika nchi hizi. Katika masimulizi ya aina hii lengo limekwisha kugeuka. Kinachosimuliwa zaidi ni ushujaa wa mwindaji, hofu yake, na furaha yake anapomwangusha mnyama. Safari imekuwa burudani yenye hatari ya kuchagua mwenyewe. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kamera ilishika mahali pa bunduki, lakini umbo la hadithi halikubadilika sana: mgeni afika, nyika yamtisha, aokoka, arudi kwao na la kusimulia.

Wahakiki wanaotafuta jibu la Waswahili kwa vitabu hivyo huelekea kwenye mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Humo mna masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari yake ya bara, ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya Udoe na Uzigua, na ya Salim bin Abakari juu ya Urusi na Siberia, pamoja na mengine. Sehemu ya nathari hiyo ilipata wasomaji wapya baada ya Lyndon Harries kuitia katika mkusanyo wake wa mwaka 1965. Licha ya hayo, maandishi haya hutajwa zaidi na wanahistoria kuliko na walimu wa fasihi. Sababu itolewayo ni kwamba hayana usanii. Kwamba ni daftari la siku na vituo tu.

Hoja hiyo haina msingi imara. Ni kweli kwamba msomaji aliyezoea maelezo marefu ya milima na machweo hatayapata kwa Selemani. Masimulizi yake yanakwenda kwa mnyororo wa vitenzi vyenye -ka-: tukaondoka, tukafika, tukalala, tukatoa. Katikati ya mnyororo huo husimama mazungumzo na wakubwa wa miji, ambako hongo hudaiwa, hukataliwa, hupunguzwa na hatimaye hulipwa. Fani hii inalingana na maudhui yake. Kwa msafiri mwenye mali ya biashara, kila kituo ni hesabu, na hatari ya porini si jaribio la ushujaa bali ni hasara ambayo huenda ikamfuata mpaka pwani kwa mdai wake. Waswahili husema kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani, na nathari ya Selemani imejengwa juu ya ujuzi huo. Anayeingia katika mji wa watu hana nguvu ila ulimi wake na nguo alizozichukua. Kwa hiyo mvutano wa hadithi uko katika maneno yanayosemwa mlangoni pa mwenye mji, na hapo ndipo usanii wa mtunzi unapostahili kupimwa.

Lakini kuyasifu maandishi haya kwa sababu tu ni ya kwetu si uhakiki. Yapo mambo matatu ambayo msomaji hana budi kuyapima. Kwanza, yalikusanywa na Mjerumani chini ya utawala wa Kijerumani, naye Velten alikuwa mwalimu katika chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, ambacho wanafunzi wake walikuwamo maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala. Mahali ambapo msimulizi anausifu utawala huo, au anaunyamazia, pasichukuliwe kuwa ni moyo wake mtupu. Pili, macho ya msafiri wa pwani nayo yana kiburi chake. Neno washenzi, kwa maana ya watu wa bara, linatumika bila ya kusita, na kwa hilo msimulizi wa pwani na mzungu anayedhaniwa kuwa mpinzani wake wanakaribiana kuliko wengi wapendavyo kukiri.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, nalo huonekana wazi katika maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Hakuna kitabu cha wakati wake katika lugha hii kinachoweza kushindana nacho kwa vitendo na kwa upana wa nchi. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, bei zinakumbukwa miaka mingi baadaye, vita vinasimuliwa kwa ufasaha. Bali yule aliyeichukua pembe begani mpaka pwani, awe wa kuajiriwa au mtumwa, aghalabu hana jina wala kauli. Anayekilaumu kitabu cha mwindaji kwa kumfuta mpagazi atakuwa mnafiki asipomuuliza Tippu Tip swali lilo hilo.

Masimulizi ya Salim bin Abakari yanaligeuza suala hili upande mwingine. Alimfuata bwana wake, Theodor Bumiller, mpaka Siberia. Hakuwa na mali ya kuuza wala hongo ya kulipa. Aliyoleta ni habari za watu na nchi za baridi. Kwa hiyo dai kwamba mtu wa Afrika Mashariki hakuwa na desturi ya kusafiri na kutazama halina ushahidi. Neno kutalii lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kusoma na kuchungua, na Salim ni mtalii kwa maana hiyo. Ila alitalii akiwa mtumishi. Aliyoyaona aliyaona katika safari ya mtu mwingine, na pengine ndiyo maana nathari yake inawaelekea watu kuliko mandhari.

Inafuata kwamba kipimo cha nathari ya safari kisiwe rangi ya mwandishi wala wingi wa hatari, bali namna inavyomweka katika hadithi yule anayebeba mzigo. Kwa kipimo hicho Burton, Selemani, Tippu Tip na Hemingway wanaweza kusomwa katika darasa moja, bila ya mmoja wao kupewa msamaha kabla ya kusikilizwa. Kwa kipimo hicho pia pengo kubwa linaonekana. Sidi Mubarak Bombay aliwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron, wote wakaandika vitabu. Yeye hakuacha kitabu chake. Hasara hiyo haiwezi kurudishwa. Lakini mizigo ya wageni ingali inapanda Kilimanjaro juu ya vichwa na migongo ya vijana wanaojiita wagumu, nao husimulia safari zao kambini kwa Kiswahili. Idara za lugha zilizo na wanafunzi na vinasa sauti haziwezi kudai kwamba masimulizi hayo hayapo. Yasipokusanywa sasa, mhakiki wa kesho atalazimika tena kumtafuta mpagazi katika kitabu cha aliyembebesha mzigo.