Ni Nani ao Ni Nini? Tunasoma Tena Kitabu cha Padri Tempels

Wandugu wa seminari, nanyi makatekista wapenzi, wengi wetu tulipokuwa katika seminari kubwa tulipewa kusoma kitabu kimoja kidogo, nacho kilitufurahisha sana. Ni kitabu cha Padri Placide Tempels, Mufransisko, juu ya filozofia ya Wabantu, kilichopigwa chapa mwaka 1945 Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Tumekisoma tena kwa sababu ya jambo lililotukuta hapa Kolwezi. Inafaa kwanza tuseme kwa haki uzuri wake, kisha tuonyeshe mahali panapotutia mashaka.

Wakati ule wageni wengi walisema ya kama mtu mweusi hana mawazo yaliyopangwa. Padri Tempels aliishi katikati ya Waluba, akawasikiliza, akaandika ya kama wanayo elimu yao juu ya vitu vyote, na mzizi wake ni nguvu ya uzima. Kwao kuwa ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo yaweza kuongezwa ao kupunguzwa na mwingine: mkubwa anambariki mdogo wake, wafu wanawasaidia wazima, mulozi anakula uzima wa jirani. Askofu de Hemptinne hakukikubali kitabu hiki, na mwandishi aliteseka. Baadaye, katika miaka ya 1950, alifanya kazi Kolwezi kati ya wafanyakazi wa Union Minière, na hapo Jamaa ilizaliwa. Hatumdharau hata kidogo. Alitufungulia mlango.

Sasa jambo lenyewe. Katika site moja ya Kolwezi mtoto alizaliwa na mgongo wazi, akafa siku ya tatu. Baba yake ni mchimbaji. Kila jioni alirudi na vumbi jeusi katika nguo, na bibi yake alizifua. Ndugu za bwana wakakutana wakauliza: ni nani? Wakamshika mama mzee wa bibi, wakamfukuza mpaka kijijini. Na sisi je? Tulimzika mtoto, tukasali, tukasema mapenzi ya Mungu yafanyike, tukaenda zetu. Juu ya vumbi hatukusema neno.

Hata hivyo elimu ilikuwa imekwisha kusema. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu walikuta mawe ya kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Waalimu wa iniversite ya Lubumbashi na ya Leuven wakapima damu na mkojo wa wenyeji, na mwaka 2018 wakatangaza waliyoyaona: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa mwingine wa karibu, na watoto kuliko wakubwa. Mwaka 2020 wakatangaza tena uchunguzi mwingine, uliofanywa Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Jambo lililofuatana na kilema kupita mengine yote lilikuwa kazi ya baba katika madini. Wenye elimu hao hawajisifu ya kama wamemaliza kujua. Wanasema tu ni kitu gani kinakwenda pamoja na kitu gani. Lakini hayo tu yangetosha kumwachilia yule mama mzee.

Hapa ndipo kitabu cha Padri Tempels kinatushinda. Ndani yake swali «ni nani?» linakaa katika kiti cha mfalme, na swali «ni nini?» halipati hata mkeka. Kama kila kitu ni nguvu inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, basi kila msiba una mwenyewe, na lazima atafutwe. Vumbi linabaki bila kuhukumiwa.

Tena tunaona ya kama kitabu kiliwapunguza wazee wetu. Katika inchi hii ya Katanga walijua kuyeyusha shaba mbele ya Mzungu kufika. Walitambua jiwe la kijani, walichagua makaa, walipanga mivukuto, wakamimina misalaba ya shaba iliyokwenda mbali katika biashara. Ndiyo, walifanya pia desturi zao kusudi kazi ifanikiwe. Lakini moto ulipokosa upepo hawakumtafuta mulozi peke yake: walivukuta. «Nini» walikuwa nayo pia. Ni sisi tuliosoma tuliowasahaulisha.

Je, kuuliza «ni nini?» ni kupungukiwa imani? Hapana. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha ya kama Mungu alivipa viumbe uwezo wa kutenda kweli kweli, kila kimoja kwa asili yake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulikubali ya kama vitu vya dunia vina sheria zao, ambazo mtu anapaswa kuzitafuta kwa akili. Anayelijua vumbi anaijua kazi ya Muumba. Na katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza palepale ni nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake. Bwana alikataa swali lile, kisha akamponya.

Lakini tusiitupe «nani» nje. Elimu inapima damu, nayo haiwezi kutuambia nani atafunika shimo. Na hapa Padri Tempels anarudi na haki yake: uzima wa mtu kweli unaongezwa ao unapunguzwa na watu wengine. Nani ananunua mawe bila kuuliza yametoka wapi? Nani anaacha watoto wayaoshe mtoni? Nani anapokea sadaka ya mfanyabiashara yule na kunyamaza? Maswali hayo hayamhusu mama mzee wa kijijini. Yanafika mpaka mlango wa nyumba ya mapadri.

Basi, makatekista wapenzi, mkiitwa penye msiba, ulizeni kwanza ni nini, kisha ulizeni ni nani, wala msigeuze mpango huo. Waambieni akina baba waache nguo za kazi nje na wanawe kabla ya kumbeba mtoto. Neno hilo si dogo kwa mahubiri; ni sehemu ya amri ya tano.

Yule mama mzee hajarudi Kolwezi. Kumrudisha ni deni letu.